Mize Punda Milia na Mkorogo wa Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Loo, mmeitika kama mnaoumwa meno. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Na wewe mwenye kipochi kizito, kiweke chini, leo nataka na hicho kipochi kisikie. Hadithi hii si tamu. Nimeshasema mapema, asije mtu akaninunia baadaye.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na kila mmoja akimjua mkwewe, palikuwa na punda milia mmoja, jina lake Mize. Mumewe alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa akiitwa Zuwena, mke mdogo ndiye huyu Mize wetu. Walikaa pamoja bondeni. Wakila pamoja, wakinywa pamoja, wakifukuzwa na Simba pamoja.

Mwaka huo wake wote wawili walizaa. Akatangulia Zuwena. Mtoto wake akaishi siku tisa, siku ya kumi Simba akamchukua pale mtoni. Zuwena akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku mbili baadaye Mize naye akajifungua. Akapata mtoto wa kiume, miguu mirefu, masikio makubwa, akamwita Faki.

Sasa sikilizeni desturi ya punda milia. Punda milia akizaa hujitenga. Hukaa arobaini yake mbali na wenzake, yeye na mtoto tu, hata baba hasogei. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anasoma. Anasoma nini? Anamsoma mama yake! Punda milia wote wana mistari, lakini hakuna wawili wenye mistari sawasawa. Basi mtoto huangalia, huangalia, huangalia, mpaka ile mistari imkae kichwani. Akishamjua mama yake hanyonyi kwa mwingine. Na mtu asiyemjua, haendi kwake hata aitwe vipi.

Mize akawa anasimama ubavu, Faki anamwangalia, na Mize anamwimbia:

Nisome mwanangu, nisome,
begani mpana, kiunoni mwembamba,
sauti usiifuate, Fisi naye ana sauti,
fuata mistari, mistari ndiyo mama.

"Umesikia, mwanangu? Fisi anajua kuiga sauti yangu."

"Nimesikia, mama."

"Ukiitwa kwa sauti yangu, na mistari yangu huioni, unafanyaje?"

"Nakimbia, mama!"

"Hewaa! Mwanangu ana akili huyu."

Na kweli alikuwa na akili. Kila asubuhi anaangalia, ananyonya, anarukaruka, analala. Kila asubuhi vivyo hivyo.

Lakini macho ya Mize hayakutulia kwa mtoto. Macho yalikuwa bondeni. Huko chini alimwona mumewe. Asubuhi yuko na Zuwena. Mchana yuko na Zuwena. Jioni, shingo juu ya shingo, yuko na Zuwena. Mwenye akili zake angejua: mwanamke kafiwa na mtoto, mume anamliwaza. Mize hakuliona hilo. Alichokiona ni ngozi ya Zuwena inavyong'ara juani. Akajitazama yeye. Matope ya uzazi, manyoya yamesimama, weupe umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Roho ikamuuma.

"Nimezaa, nimechakaa, nimeachwa," akasema.

Hakuachwa. Nani alimwambia kaachwa? Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Basi kwenye njia ya mtoni palikuwa na mkwaju, na kwenye tawi la chini la mkwaju Kinyonga alikuwa amepanga vipodozi vyake. Amevitia ndani ya magamba ya konokono, kila gamba na chake. Hili sabuni ya papai. Hili poda ya jivu. Hili wanja wa masizi. Hili losheni. Na yeye mwenyewe kakaa katikati, jicho moja njiani, jicho moja kwenye mali.

"Karibu, bibi, karibu mrembo," akasema Kinyonga. "Kutazama bure, kujaribu bure."

"Vyako ghali," akasema Mize, lakini miguu imeshasimama.

"Ghali! Mimi si tajiri wala siuzii matajiri. Bei yangu nzi. Simama hapo, niwale nzi wa mgongoni kwako, umeshalipa. Nzi wenyewe wanakusumbua, au uongo?"

Mize akacheka. Bei gani hiyo? Ni kama kupewa bure.

"Na vinafanya kazi?"

"Nitazame mimi," akasema Kinyonga.

Mize akamtazama. Kinyonga alikuwa wa kahawia. Taratibu, taratibu, akawa kijani. Taratibu, taratibu, akawa manjano, anapendeza kama embe lililoiva.

"Mama yangu weee!" akasema Mize. Akasimama. Pwaa! ulimi, nzi mmoja. Pwaa! nzi wa pili. Pwaa! Pwaa! Mize akaondoka na sabuni ya papai.

Akaoga. Matope yakatoka, weupe ukarudi, weusi ukakoza. Akajitazama majini, akatabasamu mwenyewe. Aliporudi, Faki akamnusa, akapiga chafya, chya! Harufu ilikuwa ngeni. Lakini akaangalia begani, mpana. Akaangalia kiunoni, mwembamba. Akanyonya.

Angeishia hapo, mimi leo ningekuwa sina hadithi. Sabuni haina ubaya, wala kuoga si dhambi. Lakini kesho yake akarudi, akachukua poda. Keshokutwa akarudi, akachukua wanja. Bei nzi, na nzi anao, kwa nini asichukue? Siku moja mumewe akainua kichwa, akatazama kule aliko. Mize akashika moyo. "Kaniona!" Masikini, mume alikuwa ameona nyasi zinatikisika, anadhani Simba.

Siku ya kumi na moja Mize akarudi kwa Kinyonga, kanuna.

"Poda inapukutika, wanja unachuruzika. Nataka kitu cha kukaa."

Kinyonga akazungusha jicho moja mbele, jingine nyuma. Akatoa gamba kubwa kuliko yote, akalifunua kidogo. Ndani mlikuwa na mkorogo. Mnajua mkorogo? Wewe mwenye kipochi unaujua, usiniangalie hivyo. Mkorogo wa Kinyonga ulikuwa maji ya ndimu, na chokaa ya mtoni, na utomvu wa mnyaa, ule mweupe unaounguza macho. Vyote vimekorogwa, vimechachuka.

"Huu unafanya nini?" akauliza Mize.

"Unalainisha. Unang'arisha. Mistari ya nini, shoga yangu? Kila mtu huku ana mistari. Zuwena ana mistari. Lakini mweupe mtupu, mweupe pee, bondeni hayupo hata mmoja. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku tatu."

Mize akapaka nyuma ya sikio. Pakawasha kidogo, pakapoa. Mchana akapagusa, pamekuwa laini kama kitoto cha sungura. Siku tatu? Hata jua halikutua! Jioni hiyo hiyo alikuwa mkwajuni.

"Nipe gamba zima."

Pwaa! Pwaa! Pwaa! Kinyonga akala nzi mpaka tumbo likavimba.

Mize akajipaka. Akapaka bega. Akapaka kiuno. Akapaka shingo, akapaka miguu, akapaka uso. Ukawasha, akavumilia. Ukaunguza, akauma meno. Akalala chini kando ya mto, akajigaragaza, akasema, "Urembo una kazi yake." Kulipokucha akaenda majini, akajimwagia, mwaa! mwaa! Mto ukapita mweusi. Akajitazama.

Mweupe. Mweupe pee, kuanzia pua mpaka mkia. Hata alama moja ya mstari haikubaki.

Akafurahi! Msiseme hakufurahi. Akaruka, akapiga mateke hewani, akarudi mbio kwa mwanawe amwonyeshe. Kwata, kwata, kwata!

"Faki! Faki mwanangu! Mama huyu amekuja!"

Faki akainuka kwenye nyasi. Masikio mbele. Sauti ni ya mama. Akaangalia begani, hakuna. Akaangalia kiunoni, hakuna. Masikio yakalala nyuma.

"Shikamoo," akasema, kwa adabu aliyofundishwa. "Samahani, umemwona mama yangu?"

"Ni mimi, Faki! Njoo unyonye."

"Mama ana mistari."

"Ni mimi mwanangu, nimejipaka tu, sikiliza sauti yangu..."

"Umeiba sauti ya mama yangu!" akapiga kelele Faki. "Fisi! Fisi!" Akatimua mbio. Alifanya vile vile alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amesimama pale, mweupe, mdomo wazi.

Mize akarudi mtoni. Akajisugua kwa mchanga, akajisugua kwa jiwe mpaka damu ikatoka. Akajipaka tope, akajichora mistari kwa ulimi wake mwenyewe. Tope likakauka, likaanguka. Akaenda mkwajuni analia.

"Kinyonga! Nirudishie mistari yangu!"

"Mimi nauza vya kutoa," akasema Kinyonga. "Vya kurudisha sina."

"Na wewe mbona ukibadilika unarudi?"

"Mimi? Mimi sipaki kitu, shoga. Nimezaliwa hivi."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema nitazame. Hukunitazama?" Akazungusha jicho, akamwona Swala anakuja njiani, nywele zimemtimka. "Karibu, bibi, karibu mrembo!"

Siku ya kwanza Faki hakunyonya. Alizunguka kwenye nyasi anaita, "Mama! Mama!" Mize akiitika, Faki anakimbia. Akinyamaza, Faki anaita. Kiwele cha Mize kikajaa, maziwa yakadondoka chini, to, to, to. Siku ya pili Faki aliita kwa sauti ndogo. Siku ya tatu alilala ubavu, hakuita tena. Mize alisimama umbali wa kutupa jiwe, maziwa yanadondoka, haruhusiwi na mwanawe kusogea.

Hapo Zuwena akapanda kutoka bondeni. Alimwona yule mweupe, akasita. Kisha akamjua kwa kilio, maana kilio kile naye alikilia.

"Mize," akasema. "Mdogo wangu. Mtoto anakufa."

"Naona, dada."

"Mimi maziwa hayajanikauka. Ukinipa ruhusa nitakaa naye, nitamsimamia, atanisoma. Lakini wewe uondoke. Akisikia sauti yako ataendelea kutafuta, na akiendelea kutafuta hatanyonya."

"Akikusoma wewe, mimi hatanijua tena."

"Ndiyo," akasema Zuwena. Hakumdanganya. "Hatakujua tena."

Mize akamwangalia mtoto. Akaona mbavu. Akaona nzi wanatembea kwenye jicho la Faki na Faki hawafukuzi. Moyo ukamkatika.

"Haya, msimamie," akasema. Akageuka, akavuka kilima, hakurudi nyuma. Alikwenda akila majani machungu, analala peke yake, na huko nyuma ya kilima hata ule wimbo wa mwanawe hakuuimba, asije akamsikia.

Jua likawaka, majani yakakauka, Mize akaanza kupukutika yale manyoya meupe. Mvua za vuli zikaja, sha, sha, sha. Manyoya mapya yakaota. Siku moja akainama kunywa maji akaona bega. Mstari mpana, mweusi! Akageuka akaona kiuno. Mstari mwembamba! Yote imerudi, yote, hakuna uliopotea.

Mbio, kwata, kwata, kwata, akavuka kilima. Akamkuta Faki bondeni, amekua, shingo imenenepa, kasimama ubavuni kwa Zuwena.

"Faki! Nitazame! Nisome mwanangu!"

Faki akamtazama. Akaangalia begani. Akaangalia kiunoni. Akaangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyesahau kitu akakaribia kukikumbuka. Kisha masikio ya Faki yakalala nyuma, mguu mmoja ukarudi, akajibana kwa Zuwena.

"Mama," akamwambia Zuwena, "huyu ni nani?"

Zuwena akafunua mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Angesema kweli, Mize aliona, na Mize aliona pia ule mguu wa mtoto ulio tayari kukimbia. Akawahi yeye.

"Mimi ni mama yako mdogo," akasema Mize.

Masikio ya Faki yakainuka. Mwili ukatulia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," akasema Mize.

Faki akainamisha kichwa chini ya tumbo la Zuwena, akanyonya. Mize akasimama pale, na mistari yake yote, akimtazama anavyonyonya.

Haya. Mafunzo yenyewe ni haya: oga, jipake mafuta, jipambe, hakuna aliyekukataza. Lakini usikifute kile ambacho walio wako wanakujulia, kwa sababu tu mtu wa njiani kakuuzia rahisi na kukwambia unachakaa. Uso ukifutika unaweza kurudi. Mtoto hakungoji.

Hadithi yangu imekomea hapo, mbele yake sina. Wewe mwenye kipochi, beba kipochi chako twende.