Dirhamu ya Kisra na Upande Wake wa Nyuma

Zamani za masultani, katika mji wa Zarshari, alitawala Sultani Behrozi, na siku moja mafundi wake walipokuwa wakiyeyusha dirhamu za fedha za Kisra, mfalme wa kale, jini akachomoka tanuruni, akamkamata Bibi Gulizari, mjane, dada yake Sultani, akaitupa dirhamu moja sakafuni.

"Nisomeeni yote yaliyomo humo! Atakayekosea atakuwa jiwe, na bibi huyu hamtamwona tena."

Wanazuoni watatu wakasoma jina la mfalme mbele ya uso wake, na upande uleule, nyuma ya kisogo chake: "Utukufu wake umezidi." Jini akacheka, na wote watatu wakawa mawe.

Ndipo akasogea Marzuku, mchochea moto wa tanuru, mtu wa miaka hamsini, aliyejifunza herufi za kale mwaka uliopita tu, amebanana na watoto mkekani.

"Wewe mla majivu!" Waziri akamcheka. "Juzi ubao ulikuwa ukiushika juu chini!"

"Kweli, Bwana Waziri, nimechelewa. Ndiyo maana siruki hata herufi moja."

Akapitisha kidole kwenye taji lenye mbawa, na mwezi, na nyota za ukingoni, akasoma yale waliyosoma wenzake, kisha akaigeuza dirhamu. Watu wakapiga yowe, maana Zarshari kuulaza chini uso wa mfalme ni kosa, hata muuza vitunguu hupokea fedha uso ukiwa juu.

Sultani akachomoa upanga. "Unamlaza mfalme kifudifudi mbele yangu?"

"Niwie radhi, Seyyid yangu. Aliyeandika pande mbili alitaka zisomwe zote mbili. Niache nimalize, kisha unikate kichwa."

Nyuma palikuwa na moto juu ya madhabahu, na walinzi wawili kandoni, na herufi ndogo kama chawa. Jasho likamtiririka, akazitamka mojamoja, kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Mwaka wa thelathini na moja. Imepigwa chapa Darustani!"

Jini akalia machozi ya cheche. "Darustani! Mimi ni mmoja wa walinzi hao wa moto. Miaka yote hii nilikuwa nimesahau kwetu ni wapi." Akamwachia bibi, akawarudishia wanazuoni uhai, akaenda zake kwao.

Bibi Gulizari akajipangusa vumbi. "Kaka, nikiolewa tena, basi na huyu mwenye masizi."

Sultani akarudisha upanga alani, na harusi ikaliwa siku saba, na Marzuku akapewa nyumba ya ghorofa na funguo za hazina, na kila dirhamu iliyoingia humo aliisoma mbele na nyuma, kwa sauti, watu wasikie. Basi asikwambie mtu kwamba umri umekupita: herufi hazimuulizi msomaji kazaliwa lini.