Leso Iliyofutwa Pichani

Sogeeni, na anayetaka kucheka akacheke kwingine. Nina kesi ya ndugu watatu iliyonikwama kooni, nami nimechoka kuibeba peke yangu.

Mkubwa ni Somoe. Yeye huokota chaza maji yakipwa, na buabua, wale ndege weupe wa baharini, hawaruki akipita. Wa pili ni Famau, mpiga picha wa harusi, mwenye subira ya kusimama kutwa akingoja bi harusi atabasamu mara moja. Mdogo ni Lali, anayesafisha picha kwenye kompyuta. Mpe picha ya giza, atakuonyesha hata jasho la bwana harusi. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na Somoe ndiye aliyewalea.

Mbele ya kijiji chao kuna kisiwa cha mawe, hakizidi uwanja wa mpira. Kila mwaka buabua hutaga pale, na kila mwaka watu huja na vikapu kuchukua mayai. Mwaka jana ndege walibaki wachache mno. Chama kimoja cha kuhifadhi ndege kikatangaza mashindano: atakayeleta picha bora ya buabua wa pale atapewa ulinzi wa kisiwa. Yeye peke yake atakanyaga, wengine wote marufuku. Na pichani isionekane alama yoyote ya binadamu.

Ndugu hao wakaamua kushindana kwa pamoja. Pale kisiwani buabua mmoja alikuwa na kinda. Kila Famau alipojongea na kamera, mama aliruka, na kinda likabaki juani likitweta. Somoe akavua leso yake kuukuu ya kazi, akalikingia kinda jua, akatulia. Mama akaiona leso aliyoizoea, akarudi. Bila Somoe, asingepatikana ndege wa kupigwa picha.

Famau naye alilala kati ya mawe tangu asubuhi, kamera ameiegemeza juu ya jiwe. Maji yakajaa mpaka kidevuni, hakusogea. Mama alipofungua bawa kulifunika kinda, akabonyeza mara moja tu, na wimbi likaimeza kamera. Ilisalimika kadi yenye picha. Kamera ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na hakuwa na nyingine.

Picha ikatoka nyeusi. Lali akakaa nayo siku tatu, akiliondoa giza kidogo kidogo, mpaka jicho la mama likatokea. Jicho lile linakutazama hadi unaona haya, na ndilo lililowavuta waamuzi. Lakini giza lilipotoka, pembeni palionekana pindo la leso.

"Dada, umo pichani," Lali akasema.

"Nifute."

"Nikikufuta nitakuwa nimewadanganya wale watu."

"Nifute, mdogo wangu. Wanataka ndege, hawanitaki mimi."

Akamfuta. Palipokuwa na leso akajaza mawe, kwa ustadi kiasi kwamba mimi mwenyewe nilitazama nisione kitu.

Picha ikashinda. Ikaja fomu ya kujaza jina la mlinzi, na hapo kitumbua kikaingia mchanga.

"Mimi nimepoteza kamera," Famau akasema. "Sina kazi tena."

"Mimi nimesema uongo kwa mikono yangu," akasema Lali. "Wakigundua, watanishika mimi, si nyinyi."

Somoe akauliza, "Na mimi nikikatazwa kukanyaga, nitaokota chaza wapi? Nimewalea kwa mawe yale."

Ndipo Famau akatamka neno ambalo afadhali angelimeza. "Dada, na mayai uliyokuwa ukitupikia yalitoka wapi? Ndege wamekwisha kwa vikapu kama chako."

Ni kweli Somoe aliyachukua, miaka ile ya njaa, akaacha Lali alipoanza kujitegemea. Akajibu polepole, "Na yai ulilolikanyaga siku ile ukitambaa na kamera, nililiona. Sikukuaibisha."

Tangu siku hiyo hawali pamoja. Somoe hupika, akawapelekea, na sahani hurudi vilevile zimefunikwa. Mimi ni jirani yao, naziona zikirudi, na inaniuma.

Fomu wameniletea mimi, kila mmoja akidai hamwamini mwenzake kushika kalamu. Ijumaa ndiyo mwisho. Isiporudi na jina, kisiwa kinabaki wazi, na buabua wameshaanza kutua. Jana nilipita kwa jirani wa pili nikamkuta anasuka kikapu kipya. Nilimsalimia, hakuinua uso.

Nafasi ya jina ni moja. Kuna aliyemrudisha ndege, kuna aliyemnasa, na kuna aliyemtoa gizani. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na kila mmoja ana lake analolionea haya. Nimeishika kalamu mara tatu nikaiweka chini. Nyinyi mnaonisikiliza, niandike jina la nani?