Mbwa Aliyengoja Tonge

Wajukuu, mko macho? Basi ipokeeni ngano.

Palikuwa na mjane, Bi Mwanapili, na mwanawe mchanga, na mbwa aitwaye Tuishi. Kila jioni alimwekea Tuishi ugali, akamwambia, "Ngoja!" Mbwa hungoja, mate yakimdondoka, mpaka mama aonje tonge la kwanza na kusema, "Haya, mwenzangu."

Majirani wakamcheka: "We Mwanapili, mbwa wamfunza adabu za ukweni?"

Siku moja akaenda kisimani, mtoto kalala ndani. Zimwi likaja kumla, limevaa sura ya mama, na nyama yenye sumu mkononi.

"Kula, Tuishi!" Mbwa akaketi mlangoni.

"Kula, mwanangu!" Akaketi.

"Kula, mshenzi we!" Akaketi, akiitazama ile midomo isiyoonja.

Zimwi likapandwa na hasira, likaisahau sumu yake. "Nyama tamu hii, tazama!" Likaing'ata. Likaanguka pu! Likawa jivu.

Mama akarudi, akaona jivu, akaona nyama iliyong'atwa, akaelewa. Akamkumbatia mbwa, akalia: "Ahsante, mwenzangu. Ahsante, baba."

Mtoto yule alipoanza kusema, neno lake la kwanza halikuwa "mama". Lilikuwa "Tuishi". Na mama hakuona wivu, alishukuru.

Ngano imefika mwisho. Mwenye mbwa akamtazame.