Mashua Iliyopimwa kama Chungu

"Asiyependa maji ndiye aonaye tundu."

Bibi Tusekile aliyasema maneno hayo taratibu, huku akiendelea kupepeta maharage. Vijana wa kwaya waliokuja kumsaidia walikatiza kicheko. Walikuwa wakimcheka mwenzao mmoja, binti ambaye peke yake alikataa wasinunue spika kuukuu walizopendezwa nazo. Sasa walitaka kujua maji yameingiaje katika habari ya spika.

"Bibi, maneno hayo yametoka wapi?"

Methali hii ilianza hivi, akasema bibi, na ungo ukatulia mapajani.

Katika kijiji cha Ikuvala, pale milima inapoteremka moja kwa moja hadi Ziwa Nyasa, wanawake walifinyanga vyungu na vyungu vilikwenda sokoni kwa mitumbwi. Aliishi huko mtu aliyeitwa Ambilikile, na mkewe Sekela, na mtoto wao Lugano. Sekela alikuwa mfinyanzi ambaye vyungu vyake wanunuzi waliviulizia kwa jina lake. Lakini tangu utotoni hakupenda kupanda chombo cha majini. Siku ya soko wenzake waliingia mtumbwini na kuimba, naye akajitwika vyungu vitatu na kushika njia ya mlimani, mwendo wa asubuhi nzima. Walimtania kwamba maji anayoyajua yeye ni ya kulainishia udongo tu. Alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kutembea.

Ambilikile alikuwa kinyume chake. Alipenda ziwa kama watu wengine wanavyopenda ngoma. Kwa miaka mingi alitamani mashua ndogo ya tanga. Alisema ingebeba vyungu mara tatu ya mtumbwi, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba alitaka kukaa kwenye usukani na kuhisi upepo ukimvuta.

Ndipo akasikia kwamba ng'ambo ya ghuba Mzee Kasyupa anauza mashua yake. Akaenda kuiona na rafiki zake watatu, wote watu wa maji. Ilikuwa ya kijani, tanga lake jeupe, ikielea karibu na mianzi. Waliizungusha ghubani mara mbili katika maji matulivu. Mmoja akasifu mlingoti, wa pili akasifu usukani, wa tatu akalala chali kwenye mbao za sakafu akasema hashuki tena. Mzee Kasyupa alitaka ng'ombe wawili. Ambilikile alikuwa na ng'ombe wawili tu, wala hakuona kuwa bei ni kubwa.

Hata hivyo Ikuvala ilikuwa na desturi yake: kitu kikubwa hakiingii nyumbani kabla mume na mke hawajakigusa wote wawili. Basi Ambilikile akarudi nyumbani, akamkuta mkewe akisugua chungu kwa gunzi, akamweleza yote.

"Uliwauliza akina nani?" Sekela akauliza.

"Mwakyoma, Andwele na Syambwa. Wote wameisifu."

"Wote wanapenda maji."

"Sasa Mama Lugano, ulitaka nimuulize nani? Mbuzi?"

"Mbuzi angekuambia kama inalowesha miguu."

Ambilikile hakucheka. Alihisi uchungu uliokaa kifuani siku nyingi. "Sema tu hutaki," akasema. "Wewe huyapendi maji, basi unataka na mimi nisiyapende. Unaninyima."

Sekela akaliweka gunzi chini. "Baba Lugano, ningetaka kukunyima ningekaa kimya ukaenda ukanunua. Mashua hiyo itabeba wanawake wa kijiji hiki na vyungu vyao, na wewe ndiwe utakayekuwa umeshika usukani. Desturi inasema niiguse. Nitaigusa."

Usiku huo Ambilikile alilala akiwa ameugeukia ukuta. Aliamini kabisa kwamba kesho mkewe atatafuta kasoro ya bure ili apate kusema hapana.

Asubuhi yeye na rafiki zake walivuka kwa mtumbwi. Sekela alizunguka kwa miguu, akafika wakati wenzake wameshamaliza kula samaki wa Mzee Kasyupa.

"Karibu shemeji," Andwele akasema. "Tulidhani umekwenda kuuzunguka mlima mzima."

"Nilikuwa nawapa nafasi mmalize kula," Sekela akajibu, akaitazama mashua. Hakuisogelea. "Baba, tafadhali ipandishwe nchi kavu."

Mzee Kasyupa akatabasamu. "Mwanangu, chombo huangaliwa majini. Nchi kavu hakina kazi."

"Mimi chungu changu sikipimi kwa kukitupa ziwani. Nakijaza maji ndani, nakaa, nakitazama nje. Penye ufa patatoa jasho. Wanaume hawa waliketi ndani wakiyangoja maji yaingie. Mimi nataka kuyaona yakitoka."

Rafiki zake Ambilikile wakaangua kicheko. Syambwa akasema hajapata kusikia mashua ikitelekwa mekoni. Ambilikile aliona aibu, akatamani mkewe angebaki nyumbani. Lakini alipomgeukia Mzee Kasyupa, ili wacheke pamoja, aliona kwamba mzee hacheki. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo moyo wa Ambilikile uliposita. "Tuipandishe," akasema.

Wakaisukuma mchangani na kuiegemeza juu ya magogo. Wakachota maji kwa madebe na kumimina ndani mpaka yakafika kina cha nusu mkono. Sekela akachuchumaa chini ya mashua, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaangalia, akasubiri kama anavyosubiri kwenye vyungu vyake. Mbao zikabaki kavu. Andwele akaanza kupiga mluzi.

Kisha karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba mashua, upande wa nyuma, rangi ya kijani ikatoa tone moja. Likafuatwa na jingine. Rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, na donge la nta na matambara likaanguka mchangani. Maji yakatoka kwa mkondo mnene kama kidole gumba. Sekela akatia kidole tunduni, akazungusha. Ubao wote wa hapo ulikuwa umeoza.

Andwele aliacha mluzi. Ambilikile alielewa jambo lote kwa mara moja: katika maji matulivu ziwa lenyewe lilikuwa likilisukuma donge lile libane, lakini siku ya mawimbi, na uzito wa vyungu ukiisukasuka sakafu, lingechomoka katikati ya ghuba, mbali na pwani zote mbili. Aliwaona wanawake wale wanaoimba. Wengi wao hawakujua kuogelea.

"Nimekuwa nikiyachota maji humo kila alfajiri kabla watu hawajaamka," Mzee Kasyupa akasema kwa sauti ndogo. "Mikono imechoka. Niliogopa nikisema, hataitaka mtu."

Ambilikile akamgeukia mkewe. "Mama Lugano, nilikudhania vibaya. Turudi nyumbani. Nimeshasikia hapana yako."

"Sijasema hapana," Sekela akajibu, akijifuta kidole kwenye khanga. "Mlingoti ni mzuri, hata mimi nauona. Ubao huu utolewe, utiwe mpya. Kwa ng'ombe mmoja, wala si wawili. Kisha nitaijaza tena."

Mzee Kasyupa akakubali, na uso wake ulionekana kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Ubao mpya ukatiwa. Sekela akaijaza mashua mara ya pili na kukaa chini yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikutoa hata tone.

Siku ya soko mashua ya kijani ilipakia wanawake kumi na mmoja na vyungu vyao vyote. Ambilikile alishika usukani akiwa na furaha isiyofichika. Sekela alisimama ufukweni, vyungu vitatu kichwani, amekwisha geukia njia ya mlimani.

"Shemeji, panda basi," Andwele akamwita kutoka mlingotini. "Wewe mwenyewe umeipima ukaona ni nzima. Sasa unaogopa nini?"

"Siogopi," Sekela akasema. "Siipendi tu. Nikiipenda na mimi, nani ataiangalia?"

Ambilikile aliyasikia maneno hayo, akayaelewa kwa moyo wake wote. Hakumbembeleza apande. Alimpungia mkono, naye akampungia, kila mmoja akashika njia yake, wakakutana sokoni.

Tangu hapo mtu wa Ikuvala akitaka kununua chombo huwaacha kwanza wanaokipenda wakisifu mpaka wachoke. Kisha humtafuta mmoja asiyekitaka, humkalisha chini yake, na kusubiri pamoja naye bila haraka. Na akitokea wa kumcheka, wazee humwambia: Asiyependa maji ndiye aonaye tundu.