Kioo Kilicholazwa Godoroni

Wapendwa, anayesinzia aguswe na jirani yake, maana leo nawapeleka kwenye duka la vioo.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeuza vioo vya magari, kando ya barabara ya malori ya kokoto. Vioo vyake alivisimamisha kwa ukingo kwenye fremu za mbao, chini mpira, katikati magunia, na kamba ya kuvishika. Lori likipita, ukuta unatetemeka, vioo vinavuma vyote pamoja, na hakuna kinachopasuka. Mimi nimewahi kusimama mahali kama pale, na nawaambia kweli, nilivua kofia. Wembamba ule ule unaokata kidole ndio uliobeba uzito wote. Nani aliupa nguvu hiyo?

Sasa, mzee alikuwa na kioo kimoja cha mbele cha gari la zahanati ya mlimani. Gari la zamani, vioo vyake haviletwi tena. Kilibaki hicho tu, na watu wa mlimani hawakuwa na gari jingine la wagonjwa. Mzee akakiogopea. Akakipeleka nyumbani, chumba cha wageni, akakilaza juu ya godoro na kukifunika blanketi.

Mkewe akamwuliza, "Baba Tumsifu, vingine vyote umevisimamisha. Hiki mbona umekilaza?"

"Hiki si cha kutetemeshwa na malori, mama. Acha kipumzike."

Mnazijua nyumba zetu. Kitu kikilazwa, kinageuka meza. Ukatokea msiba, na wageni walipoondoka, magodoro yao yakawekwa pale juu. Baadaye likaja gunia la mahindi. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Asubuhi moja ya masika dereva wa zahanati akafika amelowa chapachapa. Tawi lilikuwa limevunja kioo cha gari.

"Mzee, kuna kina mama wawili wa kujifungua huko juu, nataka niwashushe hospitali. Mvua hii siwezi kuwabeba bila kioo."

Wakaondoa gunia, wakaondoa magodoro, wakafunua blanketi. Kioo kilikuwa kimepasuka kona hadi kona, na siku kilipopasuka hakuna aliyesikia.

Dereva hakugomba. Akauliza taratibu, "Na vile vya dukani?"

"Vizima vyote," mzee akajibu, na machozi yakamtoka. Dereva akarudi mlimani, mvua ikimpiga usoni.

Unamcheka mzee? Ngoja kwanza. Nyumbani kwako yuko binti asiyeona. Umemfungia ndani asijikwae, asichekwe. Ametimiza miaka ishirini na njia ya kisimani haijui. Humchukii, najua. Unampenda mno, na kila siku nyumba inamwekea juu yake neno moja zaidi: hawezi, ataanguka, mwacheni. Je, ukimfunua leo, utamkuta mzima?

Sisi tunadhani Mungu hutunza kwa kulaza. Tazameni basi alivyotuumba: ametusimamisha juu ya nyayo mbili ndogo hivi, dunia inatetemeka, tunavuma, na bado tupo. Mimi nikilifikiria hilo, navua kofia tena.

Kwa hiyo leo sitaongeza mahubiri. Mama, baba, unajijua. Nenda nyumbani, mshike mkono, msimamishe, umtoe nje.