Mfereji Uliopita kwa Togolai

Mama mmoja alikuwa na shamba la vitunguu mwisho kabisa wa mfereji, huko milimani Upare. Msiniulize habari hizi nimezipata wapi. Nilikuwepo, tena nilisimama karibu kuliko wote, na akitokea mwingine akadai naye alikuwepo, basi alikuwa nyuma yangu. Nyinyi mnaobishana tangu asubuhi kama kila mfanyakazi alazimishwe kuingia chama au aachwe afanye kazi yake kwa amani, wekeni vikombe chini kidogo.

Mama huyo aliitwa Nakiete, mjane. Vitunguu vyake ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kunenepa, na kitunguu kikikosa maji wakati huo hubaki kidogo kama gololi. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa pale ardhini.

Maji yalitoka juu, kwa tajiri mmoja. Lango la mfereji lilikuwa ndani ya uzio wake na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mtu akienda peke yake kuomba maji, tajiri alimwambia kwa upole aje kesho. Walipokwenda wote kwa pamoja, majembe mabegani, alikumbuka mara moja ufunguo ulipo. Ndiyo maana watu wakaunda chama cha mfereji. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe kwa kazi ya pamoja, msaragambo: kwanza langoni kudai maji, kisha kuzibua mfereji mpaka chini. Walikuwa pia na mwiko wa tangu zamani, kwamba hakuna kupiga jembe katika ardhi ya mwenzako mpaka mwenyewe akubali.

Katikati ya mfereji alikaa Togolai, binamu wa marehemu mume wa Nakiete. Mahindi yake yalikuwa yamenawiri na langoni hakuwahi kuonekana.

"Maji ni ya Mungu," alisema.

"Ya Mungu, sawa," wakamjibu, "lakini ufunguo hakuushika Mungu."

"Basi fuateni ufunguo wenu. Mimi sikumtuma mtu. Na huyo Kighenda wenu, mwenye pembe, lini mlimwona matopeni? Anapuliza, anasimama ukingoni na viatu vyake vimepigwa kiwi, nyinyi mnachimba. Mkimaliza anawapitisha kwenye migomba yake mkailimie. Mnaita msaragambo! Mnamlimia Kighenda, basi."

Watu walimzomea. Nakiete hakuzomea. Alikuwa amelima migomba ile mara nyingi, mgongo ukimuuma, na hakuwahi kusikia mtu mwingine akilisema jambo hilo kwa sauti.

Chama kikakaa, kikapitisha sheria: asiyekuja na jembe, mlango wa maji wa shamba lake uzibwe. Walioshangilia zaidi ni wale wa juu, ambao maji yalikuwa yameshawafikia. Wakaenda, wakaziba mlango wa Togolai kwa mawe na udongo, wakarudi wakigongana mabega kama watu waliotoka harusini.

Togolai hakugombana na mtu. Aliacha tu kipande cha mfereji kilichopita kwake kijae tope. Majani yakaota, maji yakapanda, yakafurika ukingoni na kumwagikia mahindi yake yote. Wala hakuhitaji mlango tena. Kule chini, kwa Nakiete, hakikupita hata kijiko.

Basi chama kikatuma vijana wenye nguvu. Walimtoa Togolai nyumbani, wakamshikisha jembe, wakasimama pembeni kumlinda. Akachimba kama anavyochimba mtu aliyeburutwa: jembe lilipanda na kushuka, tope likabaki pale pale. Vijana walipochoka kusimama, wakaondoka.

"Sasa amejifunza adabu," Kighenda alisema.

Nakiete alikwenda kwenye vitunguu vyake, akachimbua kimoja kwa kidole. Udongo uliokishika ulikuwa unga mtupu. Alimkasirikia Togolai, kwa sababu kila tone alilokunywa lilidaiwa langoni na watu aliowacheka. Kisha akamkasirikia Kighenda, kwa sababu kila neno alilosema Togolai juu yake lilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa na nusu ya haki mkononi, ameikumbatia kama mtoto, na vitunguu vilikuwa vinakufa. Akachukua jembe lake.

Pembe ilipolia tena, watu walikusanyika kwenye kona ya mfereji. Nakiete alipita katikati yao, akafika mbele ya Kighenda, akaichukua ile pembe mdomoni mwake. Akamkabidhi jembe.

"We mama," Kighenda akasema, "unajua unasimama mbele ya nani?"

Nakiete alimsogezea jembe karibu zaidi. Alibaki amenyoosha mkono na jembe. Watu wakaanza kucheka chini chini, kisha mmoja akaropoka, "Shuka mzee, matope hayang'ati!" Mwingine akaongeza kwamba leo kwenye migomba haendi mtu, na kesho haendi mtu. Hakuna aliyempinga. Kighenda alitazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta uso mmoja wa kumsaidia. Akainama, akafungua kamba za viatu vyake.

Hivyo wakashuka na mfereji wakizibua, mwenye pembe akiwa ndani pamoja nao, mpaka mpakani kwa Togolai. Hapo wote wakasimama. Mwiko ni mwiko. Togolai alikuwa ukingoni mwa shamba lake, jembe lake limeegemezwa ukutani mwa nyumba nyuma yake, na nyuma yake zaidi mahindi yanameremeta.

Nakiete alitoka matopeni akamsogelea. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, sikuja kukuburuta. Ulisema kweli juu ya Kighenda, na leo Kighenda yuko kwenye tope hadi magotini, mtazame. Sasa nataka kujua: kilichokuwa kinakuzuia ni yeye, au ni jembe?"

Watu wakaegemea majembe yao. Togolai alimtazama Kighenda, akamtazama kwa muda mrefu, maana ni yeye aliyewauliza watu lini walimwona matopeni. Aliwatazama wale waliokuja bila kumgusa. Akaangalia chini, kule ambako shamba la shemeji yake lilikuwa limegeuka rangi ya majivu. Akavua kandambili, akachukua jembe, akashuka.

Haya yote ni kweli tupu, niliyaona kwa macho yangu haya. Ila hapo mwisho, hapo aliposhuka, hapo nimetia langu, kwa sababu mlikuwa mnanitazama na nikaona aibu kuwaambia kilichokuwepo. Nilipoondoka mimi, Togolai alikuwa bado amesimama ukingoni, hana sababu hata moja iliyobaki, na jembe liko ukutani. Na wewe uliyeniambia asubuhi kwamba huingii chama kwa sababu ya viongozi: siku viongozi watakapovua viatu, nitakukuta wapi?