Mbuzi Waliolamba Shibe

Hapo zamani, zamani ambayo hata mimi mwenye mdomo huu niliisikia kwa waliosikia, palikuwa na kijiji kiitwacho Bukumbilo. Watu wake walikuwa na desturi moja, nami naipenda. Msichana akiolewa kutoka kijiji kingine hakuombwa kitu ila neno. Neno moja tu. Likiletwa, linachorewa picha kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake mpya, naye havuki kizingiti mpaka aitazame picha na kusema, "Ndiyo, hili ndilo neno langu." Akikataa, anarudi kwao kungoja ukuta upakwe upya. Akikubali, mchoraji hapewi ng'ombe wala kanga. Anapewa haki ya kumpa jina mtoto wa kwanza wa nyumba ile.

Basi kijana Shigela akapata mchumba, Kwandu, wa ng'ambo ya mlima. Neno likaja. Shibe!

Kazi akaiomba Minza. Minza alikuwa mchoraji hodari, hakujaaliwa mtoto, na mama yake, Ng'washi, alikuwa amefariki bila mtu hata mmoja kurithi jina lake. "Nikifa mimi," alisema Minza, "hakuna atakayelitaja tena." Lilimuuma kwelikweli.

Minza akakaa, akawaza. Shibe inachorwaje? Akatwaa mkaa, akachora watu wameketi wakizunguka sinia: ugali mlima mzima, samaki, maharage. Mikono yote imeelekea kwenye chakula, nyuso zote zinacheka. Ukiutazama ukuta, mate yanakutoka.

Lakini mkaa mtupu haukai. Akaitwa Lugola, fundi wa rangi, mwanamume wa kujisikia kidogo. Akasaga udongo mwekundu, akachukua chokaa, akachanganya na uji wa mtama ili rangi ishike, kama walivyofanya babu zake. Safari hii akaongeza na chumvi. "Nataka chakula king'ae!" alisema. Akakipaka chakula, safu juu ya safu. Kikang'aa, jamani! Kijiji kizima kikaja kutazama, kikaenda zake kujiandaa kwa harusi.

Mmeshajua nani alibaki pale. Mbuzi!

Mbuzi na uji wa chumvi, nani atawatenganisha? Walilamba samaki, wakalamba maharage, ugali wakaufikia mpaka kileleni. Nyuso zilikuwa juu, hawakuzifikia. Watu waliporudi wakakuta picha ya watu wanaonyoosha mikono kwenye ukuta mtupu. Shibe imegeuka njaa! Na kule njiani vigelegele vya bibi harusi vinasikika.

Minza akashika kichwa, akalia waziwazi. Lugola akasema, "Rangi yangu haina kosa, kosa ni la mbuzi."

Ndipo akapenya Bi Holo, bibi kizee wa nyumba ya jirani, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuchora hata mstari. "Nipisheni huko!" Akanyakua mkaa. Palipokuwa na chakula akachora mbuzi, matumbo kama magunia, wamelala chali, miguu juu. Walikuwa wabaya, wengine kama viti. Lakini sasa wale watu wenye mikono mbele walionekana wanawanyooshea mbuzi vidole na kuwacheka.

Kwandu akafika. Akatazama juu, akatazama chini. Akacheka mpaka akaketi chini na nguo zake za harusi.

"Mwaka wa njaa," alisema akijifuta machozi, "kwetu tuliwachinja mbuzi wote, tukabaki tunatazamana. Hapa mbuzi wanashiba mpaka wanalala chali, na watu wanacheka! Ndiyo, hili ndilo neno langu." Akavuka kizingiti. Watu wakala, wakacheza, wakafurahi.

Mwaka haukuisha, nyumba ile ikapata mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Siku ya kutajwa jina ikafika. Kwandu akatoka naye nje akauliza, "Aliyechora neno langu ni nani? Aje amwite mwanangu."

Wakasimama watatu.

"Ni mimi," alisema Minza. "Neno nililiwaza mimi. Hizo nyuso ni zangu, hicho kicheko ni changu. Ziondoe, umebaki na mbuzi wagonjwa. Nipe mtoto nimwite Ng'washi."

"Ni mimi," alisema Lugola. "Bila chumvi yangu mbuzi wasingekuja, na bila mbuzi mngecheka nini? Nami namwita Lugola. Msichana kuitwa Lugola kuna ubaya gani?"

"Ni mimi," alisema Bi Holo. "Mwenyewe alicheka alipotazama chini, na chini ni kwangu. Tena niwaambie: nina wajukuu tele, na hakuna hata mmoja niliyeulizwa aitwe nani. Leo niulizeni."

Kwandu akamtazama huyu, akamtazama yule. Wote watatu aliwapenda. Mtoto akaanza kulia, na mikono sita ikanyooshwa kumpokea.

Haya, nyinyi mnaotabasamu, msinitazame mimi. Kwandu amechoka kusimama na mtoto hana jina. Je, ampe nani?